Uzi Mwekundu wa Hannover

Ndugu msomaji, nina deni la siku nyingi ambalo leo nataka kulilipa. Tangu niliporudi kutoka Ujerumani, kila ninapokutana na wasomaji wa safu hii, iwe sokoni au ndani ya daladala, huniuliza habari za safari ile, nami huwajibu kwa mkato kwamba nitaandika. Sikuandika kwa sababu safari yenyewe ilikuwa haijaisha. Miguu ilikwisha rudi Dar es Salaam, lakini jambo nililotumwa lilikuwa bado jikoni, na mimi si mtu wa kupakua chakula kibichi.

Wanaonifahamu wanajua kwamba kalamu kwangu ni kazi ya jioni. Mchana nashika spana katika kiwanda cha nguo, upande wa matengenezo. Kiwanda chetu kina kompresa mbili, yaani mashine za kushindilia hewa, na hewa hiyo hupita katika mabomba mpaka kwenye mitambo ya kufumia. Hewa ikipungua, mitambo husimama. Mitambo ikisimama, wafumaji hukaa juu ya maboksi wakitazamana, na malipo ya ziada ya mwezi ule huyeyuka. Kwa miezi kadhaa hewa ilikuwa haitoshi. Wakubwa wakaamua kwamba inunuliwe kompresa ya tatu, na kwamba fundi mmoja apelekwe kwenye Maonyesho ya Viwanda ya Hannover akaone zilizopo, aulize bei, arudi na pendekezo. Kura ikaniangukia mimi.

Nyumbani habari hizi hazikupokewa kwa vigelegele. Maonyesho yalikuwa yaanze tarehe 31 Machi 2025, na Idd el Fitri iliangukia siku zizo hizo. Mama watoto hakusema neno. Alikunja nguo zangu na kuzipanga sandukuni polepole mno, kila shati kwa dakika zake, nami nilielewa. Mtoto wetu wa mwisho ndiye aliyesema waziwazi: "Baba, Idd gani hiyo ya kwenda kuangalia mashine?" Nikamwahidi biskuti.

Lakini aliyenitwisha mzigo mzito zaidi ni mzee mmoja kiwandani, fundi aliyenifundisha kazi tangu nilipokuwa kijana wa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mzee huyu hana cheti cha kutundika ukutani, ila ana masikio. Huchukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya nyumba ya beringi, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Kisha akakuambia kama beringi ile itamaliza mwezi. Siku ya kuagana alinivuta kando.

"Mwanangu," akasema, "nasikia huko kuna vidude vinavyosikiliza mashine mchana na usiku, havilali wala haviombi ruhusa ya kwenda mazikoni. Kaviangalie vizuri. Ukirudi uniambie kweli, usinifiche kwa kuuonea haya uzee wangu. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nitaimaliza, au sitaimaliza?"

"Nitakuambia kweli, mzee wangu," nikamjibu, na papo hapo nikaanza kuijutia ahadi yangu.

Nilishuka Frankfurt alfajiri ya Jumapili, nikapaswa kupanda treni ya kwenda kaskazini, mwendo wa saa mbili na ushei. Usiku ule Wajerumani walikuwa wamezisogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila Jumapili ya mwisho ya Machi, na mimi nisiyejua hilo nilisimama kituoni nikibishana na saa ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyokosea. Kidogo treni iniache.

Hannover ni mji wa watu zaidi ya nusu milioni, makao makuu ya jimbo la Niedersachsen. Wajerumani wengine huutania kwamba ni mji usio na chumvi. Mimi niliupenda kwa sababu hiyohiyo; ni mji wa watu wanaoamka mapema na kwenda kazini. Mbele ya stesheni kuu imesimama sanamu ya Mfalme Ernst August juu ya farasi, na wenyeji wakitaka kukutana huambiana, "Tuonane chini ya mkia." Maana yake ni mkia wa farasi huyo. Mfalme amekaa juu na mavazi yake yote ya fahari, na chini raia wanatajiana mkia.

Sikulala hotelini. Siku za maonyesho bei za hoteli hupaa, na posho yangu haikuwa na mabawa. Mji ule una desturi ya zamani: tangu maonyesho yalipoanza, na hoteli zikawa hazitoshi, wakazi walitoa vyumba vyao na kupokea wageni kwa malipo, na akina mama waliowakaribisha wakapewa jina la utani, Messemutti, yaani mama wa maonyesho. Mimi nilimpata mmoja, bibi wa miaka sabini na kitu, katika mtaa wa Südstadt. Kila asubuhi alinikaangia yai, akanikagua kola ya shati kabla sijatoka, akatikisa kichwa kwa sababu ya wembamba wa koti langu. Kiingereza chake na changu vilikuwa vilema wawili wanaosaidiana kuvuka barabara, lakini tulivuka.

Yeye ndiye aliyenisimulia chanzo cha jambo hili, kama alivyosimuliwa na mama yake. Baada ya vita, Ujerumani ilikuwa imegawanywa, na Leipzig, mji wa masoko makubwa tangu kale, ulikuwa upande wa Warusi. Waingereza waliotawala upande wa Hannover wakataka soko lao la kuuza bidhaa nje. Likafunguliwa tarehe 18 Agosti 1947 katika majengo ya kiwanda cha alumini huko Laatzen, pembeni mwa mji. Mji wenyewe ulikuwa kifusi na chakula kilitolewa kwa kuponi. Ila ndani ya uwanja wa maonyesho mtu aliweza kununua mkate uliotiwa samaki bila kuponi, na kwa hiyo watu wa Hannover walikwenda kwa wingi, wengine kwa ajili ya mashine na wengine kwa ajili ya samaki. Katika wiki tatu waliingia watu zaidi ya laki saba. "Mama yangu hakuona mashine hata moja," bibi akaniambia, "lakini samaki yule alimkumbuka mpaka anakufa."

Basi asubuhi ya Jumatatu nikapanda tramu namba 8 pamoja na mamia ya watu wenye vitambulisho shingoni. Uwanja ule ni miongoni mwa viwanja vikubwa kabisa vya maonyesho duniani. Ukumbi mmoja ungekimeza kiwanda chetu chote, na kumbi ni nyingi. Hapo hapo ndipo yalipokuwa yakifanyika maonyesho ya kompyuta ya CeBIT, yaliyojitenga na yale ya viwanda mwaka 1986, yakavimba hadi kupokea watu zaidi ya laki nane, kisha yakanywea na kukoma kabisa mwaka 2018. Nilipoambiwa habari hiyo nilizitazama kumbi zile kwa jicho jingine.

Sitakuchosha kwa kila nilichokiona. Niliona roboti akishika yai, na roboti mwingine akikunja fulana, tena vibaya, jambo lililonifurahisha kwa sababu ambazo mama watoto atazielewa. Kila kibanda cha pili kiliandikwa akili mnemba. Siku ya kwanza nilishangaa. Siku ya pili miguu ikaanza kuuma, na mtu ambaye miguu inamuuma hashangai ovyo.

Siku ya Jumanne niliifikia sehemu ya kompresa. Muuzaji mmoja, kijana mtanashati, alinipokea kwa kahawa na kunisikiliza kwa adabu. Mashine yake ilikuwa nzuri kweli, tulivu kama paka aliyeshiba. Akapiga hesabu, akanipa karatasi nyingi, halafu akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kiwanda kikinunua, mafundi wawili wataletwa Ujerumani kwa mafunzo ya mwezi mzima, na bila shaka mmoja wao atakuwa mimi. Msomaji, mimi ni binadamu. Nilitoka pale nikihesabu kichwani masweta nitakayonunua. Pendekezo langu kwa wakubwa nilikwisha kuliandika moyoni, na lilianza na neno "Tununue."

Safari yangu ilibadilishwa na kibanda kidogo kilichokuwa kona. Mhandisi mmoja wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, alikuwa akionyesha kifaa kama kamera, chenye vinasa sauti vidogo vingi vilivyopangwa mbele. Hewa inapopenya katika tundu dogo hutoa mlio, na sehemu kubwa ya mlio huo iko juu kupita kiasi cha sikio la mtu, maana sikio letu likiwa zima kabisa hukoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kifaa kile husikia zaidi ya hapo na kupaka doa la rangi juu ya picha, mahali penye mvujo. Akanielekezea bomba ambalo kwa macho yangu lilikuwa zima. Doa jekundu likawaka kwenye kiungio.

Nikamweleza shida yetu ya hewa kutotosha. Hakunitajia bei. Aliniuliza swali: "Mmepima mnavujisha kiasi gani?" Nikanyamaza. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kipeperushi chake. Kiwanda kisichotunza mabomba yake, alisema, si ajabu kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote kwa mivujo. Tundu la milimita 3, kwa mgandamizo wa baa 6, laweza kula kilowati 3 na zaidi; nami nikazidisha mwenyewe, nikapata uniti 72 kila siku ya Mungu, kwa tundu ambalo punje ya mchele ingeliziba. Kisha akanifundisha kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Subiri siku ambayo mitambo yote imesimama. Washa kompresa, acha mabomba yajae. Kwa kuwa hakuna anayetumia hewa, kompresa ingepaswa kutulia. Ikianza kushindilia tena, inalisha mivujo. Shika saa yako, hesabu imeshindilia dakika ngapi kati ya kumi: ikiwa ni tatu, basi sehemu tatu kati ya kumi za nguvu yake zinakwenda hewani.

"Na kifaa chako kinagharimu kiasi gani?" nikamwuliza mwishoni, kwa haya. Akanitajia, nikameza mate. Akacheka, akasema kwamba kabla ya kifaa hicho baba yake alitumia maji ya sabuni na brashi.

Maji ya sabuni! Yule mzee wetu alikuwa akizunguka na kopo la povu miaka ileile nilipoanza kazi, mpaka mkuu mmoja wa zamu akamwambia aache kuchafua sakafu.

Vidude vya kusikiliza beringi navyo niliviona, kwa sababu nilikuwa nimeapa. Vitambuzi vidogo kama kifuniko cha soda hugandishwa juu ya mashine, vikapima mtikisiko na joto na kupeleka habari kwenye kompyuta. Vinafanya kazi. Nilitafuta kasoro yake kwa saa nzima, kama wakili wa mtu aliyekwisha kiri kosa, sikuipata ya maana.

Maonyesho yalifungwa Ijumaa. Jumamosi ilikuwa yangu. Pale Hannover wamechora mstari mwekundu barabarani, urefu wa mita 4,200, unaopita mbele ya mahali 36 penye historia. Wanauita Uzi Mwekundu, nawe ukiufuata humhitaji mtu wa kukuongoza. Niliufuata nikiwa na mkate wa samaki mkononi, kwa heshima ya mama yake bibi.

Uzi ule ulinifikisha kwenye Jumba Jipya la Mji, ambalo lilifunguliwa mwaka 1913 na limesimama juu ya nguzo zaidi ya elfu sita za mti zilizoshindiliwa katika ardhi ya majimaji. Lifti ya kupanda kubani haipandi wima. Inapinda pamoja na kuba, ukiwa ndani unahisi ardhi inakuegemea. Lakini kilichonishika si lifti. Ukumbini chini pana mifano minne ya mji huo: ulivyokuwa mwaka 1689, mwaka 1939, mwaka 1945, na ulivyo sasa. Ule wa 1945 hauna mapaa. Ni kuta tupu za kijivu, kama meno yaliyobaki katika fuvu. Usiku mmoja wa Oktoba 1943 ulitosha kuteketeza sehemu kubwa ya kati ya mji. Hatua chache kutoka hapo limeachwa kwa makusudi gofu la kanisa la Aegidien, halina paa mpaka leo, na ndani yake imetundikwa kengele iliyotolewa na mji wa Hiroshima mwaka 1985.

Nilimtafuta pia Leibniz, nikalikuta kaburi lake katika kanisa jingine. Mwanachuoni huyu aliishi Hannover kwa miaka arobaini, akafa hapo mwaka 1716. Ndiye aliyeonyesha jinsi hesabu zote zinavyoweza kuandikwa kwa alama mbili tu, sifuri na moja, na ndiyo lugha ambayo kila kompyuta niliyoiona wiki ile inaitumia ndani ya tumbo lake. Alibuni pia mashine ya kuhesabu, na iliyosalia inatunzwa mjini humo. Lakini mimi fundi nilimpenda kwa kushindwa kwake. Kwa miaka kadhaa alijaribu kuondoa maji katika migodi ya milima ya Harz kwa nguvu ya upepo. Upepo haukumtii, wakubwa wa migodi hawakumtaka, na mwaka 1685 kazi ikasitishwa. Biskuti zenye jina lake, zilizoanza kutengenezwa mjini hapo mwaka 1891, ndizo nilizomnunulia mwanangu. Zina meno 52 pembeni. Aliyahesabu yote kabla ya kuonja.

Jumapili asubuhi, kabla ya treni, bibi aliniuliza natoka sehemu gani ya Afrika hasa. Nilipomjibu alivaa koti lake akaniambia, "Njoo." Hatukwenda mbali. Katika uwanja wa mtaa ule lipo jiwe lililosimamishwa mwaka 1935 kumtukuza Carl Peters. Ndiye yule aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884 akikusanya alama za machifu juu ya karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Ndiye aliyewanyonga kijana Mabruk na binti Jagodia kule Kilimanjaro, miaka ya 1891 na 1892, na wenyeji wakamwita Mkono wa Damu. Zamani uwanja ule ulikuwa na jina lake. Mwaka 1988 jiwe likawekewa kibao na kufanywa ukumbusho wa kupinga ukoloni, na baadaye uwanja ukapewa jina la Bertha von Suttner, mwanamke aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1905. Bibi alinisomea kibao neno kwa neno, kisha akasimama kimya, mikono mifukoni. Sikujua la kusema. Nikamwambia asante kwa mayai, akanitengeneza kola.

Ndani ya ndege nikazitoa karatasi za yule kijana mtanashati. Safari hii nilizisoma zote, hata herufi ndogo. Katika ukurasa wa kumi na moja ilikuwamo ahadi ya kununua vipuri kwake peke yake kwa miaka mitano, pamoja na ada ya kila mwaka ambayo haikutajwa wakati wa kahawa. Hakunidanganya; sikuuliza.

Nilipofika kazini niliwaomba wakubwa Jumapili moja tu. Mmoja wao alinung'unika kwamba mtu hakupelekwa Ulaya ili arudi na maji ya sabuni, na kwa upande wake nilimwelewa. Hata hivyo Jumapili nilipewa. Kiwanda kizima kilikuwa kimya, kimya ambacho wengi wetu tulikuwa hatujapata kukisikia. Tukawasha kompresa moja, mzee akashika saa. Kati ya dakika kumi, ilishindilia tatu na nusu.

Kompresa ya tatu haikununuliwa mwaka ule, na mafunzo ya Ujerumani yakaenda na maji. Ilinunuliwa katoni ya viungio na mipira ya hewa, pamoja na vitambuzi vinne vya kujaribia. Kumbuka hilo la vitambuzi, maana mzee hakulisahau. Siku ileile ya kimya, tulipokuwa tukichanganya povu ndoo moja, aliniuliza.

"Haya, sema. Vipo?"

"Vipo, mzee. Na vinasikia kuliko wewe."

Akakoroga povu kitambo. "Vinajua kupanda ngazi?"

"Nilivyoviona, bado."

"Basi shika ngazi," akasema.

Tulichana mabaki ya khanga nyekundu kutoka chumba cha kufumia, na kila palipotokea povu tukafunga kitambaa: kwenye vali, kwenye viungio, juu ya bomba kuu ambalo hakuna aliyelifikia kwa miaka. Nilipotazama nyuma, utepe mwekundu ulikuwa umeshika safari nzima kutoka kompresa hadi mtambo wa mwisho. Tulipopita sitini vitambaa vikatuishia, na mzee alikuwa bado juu ya ngazi, mkono ameuteremsha nyuma bila kugeuka, akidai kingine.